Safari ya Bwana na Bibi Leakey katika Nchi Kavu ya Ngorongoro

Mtu akisafiri kutoka Arusha kwenda upande wa magharibi, hufika kwanza Mto wa Mbu, mahali penye migomba mingi na maji tele. Mbele yake husimama ukuta mrefu wa mlima. Huo ndio ukuta wa Bonde la Ufa. Akiisha kuupanda, hugeuka akatazama nyuma, na huko chini huliona Ziwa Manyara liking'aa kama kioo. Kisha njia humpeleka katika nchi ya Karatu, nchi ya udongo mwekundu, penye mashamba ya ngano, mahindi na maharagwe ya Wairaqw, ambao watu wengi huwaita Wambulu. Ng'ambo ya Karatu msitu huanza, nao umezifunika mbavu za mlima wa Ngorongoro. Siku hizi barabara ya lami inafika hata lango la hifadhi. Zamani haikuwa hivyo.

Katika somo hili tutawafuata mume na mke walioisafiri nchi hii mara nyingi katika maisha yao, nao ni Bwana Louis Leakey na Bibi Mary. Tutajifunza kwa nini nchi iliyo nyuma ya mlima ni kavu, na kwa nini maziwa yake ni ya magadi. Tena tutaona jinsi watu wenye subira walivyosoma habari za kale katika udongo, ambao wengine waliupita wasione kitu.

Wasafiri wenyewe

Louis Leakey alizaliwa mwaka wa 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Baba yake alikuwa mmisionari. Louis alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaijua lugha yao tangu utoto. Alipokuwa kijana aliokota mawe meusi yaliyochongwa na watu wa kale, akayaweka kama hazina. Baadaye alikwenda Uingereza akasoma katika chuo kikuu cha Cambridge, lakini moyo wake ulibaki Afrika.

Mary alizaliwa London mwaka wa 1913. Shule hakuipenda, wala hakupata cheti cha chuo kikuu. Lakini alikuwa na macho makali na mkono mwepesi wa kuchora, na kazi yake ilikuwa kuchora zana za mawe za watu wa kale, kila ncha na kila kovu la jiwe. Kwa ajili ya kazi hiyo alijuana na Louis. Mwishoni mwa mwaka wa 1936 wakaoana.

Mahali walipopapenda kuliko pote ni korongo la Oldupai, ambalo vitabu vingi huliita Olduvai. Jina hilo latoka kwa Wamaasai. Oldupai ni mkonge wa porini uotao kwa wingi pale, na mgeni mmoja kutoka Ujerumani, aliyefika mwaka wa 1911, hakulisikia jina vema, ndipo likaandikwa Olduvai. Mwaka wa 1913 Mjerumani mwingine, Hans Reck, alichimba huko akaona mifupa mingi iliyogeuka mawe, lakini zana za mawe hakuziona hata moja. Louis alipokwenda naye mwaka wa 1931, aliziona zana mara tu baada ya kufika. Kwa nini Reck hakuziona? Kwa sababu alitazamia zana za jiwe gumegume, kama zile za Ulaya, na zana za Oldupai zimechongwa katika mawe ya volkano. Macho yake yalitafuta kile alichokizoea, yakakipita kile kilichokuwapo.

Safari ya mwaka wa 1935

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1935, Louis alimpokea Mary huko Moshi, wakashika njia ya Ngorongoro kwa motokaa. Ilikuwa wakati wa masika. Ninyi mliokaa katika udongo mwekundu mnajua jinsi unavyokuwa ukinywa mvua: hushika miguu, hushika magurudumu, na mahali pa mteremko huteleza kama sabuni. Basi mlima uliwatesa sana. Gari lilizama katika matope, likasukumwa, likaenda hatua chache, likazama tena.

Hatimaye walifika juu ya ukingo, na Mary akaliona shimo la Ngorongoro kwa mara ya kwanza. Shimo hilo ni kinywa cha volkano ya kale iliyobomoka na kuanguka ndani yake. Kina chake ni kama mita 600, na uwanda wake wa chini una eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Humo mna tembo, faru, simba, nyumbu na punda milia, na katikati yake mna ziwa liitwalo Magadi. Kutoka ukingo ule waliteremka upande wa pili, na nchi ikageuka mbele yao.

Kwa nini nchi ile ni kavu

Tazameni ramani. Upepo uletao mvua hutoka katika Bahari ya Hindi, upande wa mashariki, nao huchukua mvuke mwingi. Ukikutana na milima ya Ngorongoro hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na mvuke ukipoa hugeuka kuwa mawingu, kisha mvua. Mvua hiyo huanguka upande wa Karatu, na kwa hiyo msitu umeota huko na mashamba hustawi. Upepo ukiisha kuvuka ukingo huwa umekwisha kutua mzigo wake, nao huteremka upande wa Oldupai ukiwa mkavu. Mlima mmoja, basi, huwapa watu wa upande huu mvua na kuwanyima watu wa upande ule.

Nchi ile si jangwa kamili. Mvua zikinyesha nyasi fupi huota, na nyumbu huja kwa maelfu mengi kuzaa katika mbuga za Ndutu. Lakini wakati wa kiangazi nyasi hukauka, vumbi huinuka, na upepo huvuma mchana kutwa. Karibu na korongo liko hata fungu la mchanga linalohama. Mchanga wake ni majivu meusi ya volkano, na umbo lake ni kama mwezi mwandamo. Upepo husukuma punje za nyuma zikapanda mgongoni na kuanguka mbele, na hivyo fungu zima husogea mita kumi na zaidi kwa mwaka, bila kuvunjika umbo lake.

Kwa nini maziwa ni ya magadi

Mtu mwenye kiu akilitazama ziwa toka mbali hufurahi. Lakini katika nchi ile furaha hiyo mara nyingi ni ya bure. Natron, Eyasi, Manyara na Magadi ya Ngorongoro, kadhalika Ndutu na Masek zilizo karibu na Oldupai, zote maji yake yana magadi.

Sababu ni hii. Mito midogo na mvua huosha majivu na mawe ya volkano, nayo huchukua magadi na chumvi iliyomo. Maji hayo huingia ziwani, lakini hakuna mto utokao kuyapeleka baharini. Jua huinua maji peke yake, wala haliinui magadi. Chukueni sufuria ya maji ya chumvi, mwiteleke motoni hata maji yakauke: mtaona unga mweupe umebaki chini. Ziwa la nchi kavu ni sufuria ya namna hiyo, na jua ndio moto wake. Kwa mwanadamu mwenye kiu maji yale ni hasara. Lakini heroe huyapenda, kwa kuwa hula mwani na vidudu vidogo vinavyositawi ndani yake.

Sasa mtafahamu taabu ya kambi ya Oldupai. Maziwa yalikuwapo, lakini hayakufaa kunywa. Katika miaka ile ya kwanza walichota maji katika madimbwi ambayo faru nao waliyatumia kwa kunywa na kugaagaa, na chai yao ilikuwa na ladha ya mkojo wa faru. Walikunywa, kwa kuwa hayakuwapo mengine. Msafiri wa nchi kavu hupima kila kikombe. Maji ya kuoga huja baada ya maji ya kunywa, na radieta ya gari nayo hudai sehemu yake.

Jino lililosahauliwa

Walipokuwa Oldupai mwaka ule, mtu mmoja aliyeijua nchi alifika kambini akawaambia kwamba mahali paitwapo Laetoli, upande wa kusini, pana mifupa iliyogeuka mawe. Walimsikiliza, wakaenda. Kweli waliikuta mifupa, wakaokota mingi, kisha wakarudi. Jino moja walilolichukua huko lilipelekwa London, likawekwa pamoja na meno ya nyani. Likakaa hivyo zaidi ya miaka arobaini, ndipo mtaalamu mmoja akatambua kwamba si jino la nyani kamwe, bali ni la jamii ya kale ya wanadamu. Kumbe kitu walichokitafuta kwa miaka mingi walikuwa nacho mkononi! Lihifadhini neno hilo, maana tutalirudia.

Siku ya tarehe 17 Julai 1959

Miaka ilipita. Mwaka wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, Mary aliona fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya masokwe, na sifa zao zikaenea. Lakini Oldupai ilikuwa bado haijawapa walichokitaka. Zana za mawe walizipata kwa maelfu. Watu waliozitengeneza walikuwa wapi? Kila walipopata nafasi na fedha walirudi. Pamoja nao walikuwako wafanyakazi Waafrika, na mkubwa wao alikuwa Heselon Mukiri, mtu wa Kabete aliyefanya kazi na Louis tangu siku za ujana. Watu hawa walichimba, wakachekecha udongo, wakatambua kipande cha mfupa kati ya changarawe. Bila macho yao vitabu vingi visingeandikwa.

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Louis alikuwa mgonjwa wa homa, akabaki kitandani. Mary akatoka pamoja na mbwa wake wawili, akaenda kutazama mteremko mmoja wa korongo. Jua lilipokaribia utosini aliona mfupa umejitokeza katika udongo. Alipiga magoti, akapangusa vumbi polepole, na meno mawili makubwa yakaonekana yakiwa bado katika taya. Alirudi mbio kambini kwa gari, akamwambia mumewe kwamba amempata yule waliyemtafuta. Louis akasahau homa yake, akainuka.

Hawakulinyakua fuvu lile. Walilifunika, wakangoja mpiga picha afike, ili kila hatua ya kazi ionekane. Kisha wakachimba kwa vijiti na brashi, wakauchekecha udongo wa mteremko mzima. Fuvu lilikuwa limevunjika vipande kama 400, na Mary akaviunganisha kimoja kimoja. Tangu Louis alipofika Oldupai mara ya kwanza ilikuwa imepita miaka 28.

Louis alimpa kiumbe yule jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Na Zinj ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliliitia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus. Mwaka wa 1965 fuvu lilikabidhiwa Tanzania, likawekwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Umri wa mawe

Mtauliza: umri wa mfupa hujulikanaje? Udongo wa Oldupai umekaa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Mkeka wa chini ndio uliotandikwa kwanza. Baadhi ya tabaka ni majivu ya volkano, nayo yana madini ya potasi. Sehemu ndogo ya potasi hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Volkano inapotapika, moto huifukuza hewa ile ya zamani. Tangu siku hiyo hewa mpya huanza kukusanyika tena ndani ya madini. Mtaalamu akiipima, hujua majivu yalianguka lini.

Mwanzo Louis alikisia kwamba fuvu lina umri wa miaka 600,000 hivi. Mwaka wa 1961 wataalamu wa Marekani walipima majivu, wakapata miaka 1,750,000. Louis alikuwa pia amedhani kwamba kiumbe yule ndiye aliyechonga zana. Lakini tangu mwaka wa 1960 ilionekana mifupa mingine katika korongo lile lile, ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka wa 1964 akapewa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, na Louis mwenyewe akasema kwamba huyo ndiye fundi. Mtu wa elimu haoni haya kusahihisha neno lake ushahidi unapokuja.

Jambo jingine nalo likajulikana kwa tabaka zile. Zamani sana Oldupai haikuwa korongo kavu. Palikuwa na ziwa la magadi, na vijito vya maji matamu viliteremka kutoka milimani hata ukingoni mwake. Wanyama na viumbe wale wa kale walikuja kunywa. Bwana na Bibi Leakey, waliokuwa wakihesabu vikombe vya maji, walikuwa wamepiga kambi kando ya ziwa lililokauka.

Nyayo za Laetoli

Louis alifariki mwaka wa 1972. Mary hakuacha kazi. Mwaka wa 1974 alirudi Laetoli, mahali pale walipokwenda pamoja mwaka wa 1935. Mwaka wa 1976 wenzake waliona alama za miguu ya wanyama katika majivu yaliyogeuka jiwe, na mwaka wa 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili.

Zilihifadhiwaje? Volkano ilimwaga majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika. Hayo yalikuwa kama miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zile zapata urefu wa mita 27. Mkubwa na mdogo wamepita sambamba, na wa tatu amekanyaga ndani ya nyayo za mkubwa. Kidole gumba cha mguu kimeelekea mbele kama chetu. Kwa hiyo twajua kwamba viumbe wale walitembea wima muda mrefu kabla ya zana za Oldupai kuchongwa. Nyayo zilipokwisha kupimwa na kuchorwa, zilifunikwa tena kwa udongo, mvua na mizizi zisiziharibu.

Mary alifariki Nairobi mwaka wa 1996. Ilimchukua miaka zaidi ya arobaini, tangu safari ya kwanza ya Laetoli, kuziona nyayo zile zilizokuwa chini ya nchi aliyoikanyaga akiwa kijana. Wala zisingeonekana kwake kama angalisema, "Hapa tulikwisha kupita." Mvumilivu hula mbivu, lakini mvumilivu huyo ni yule arudiaye kutazama, si yule akaaye kungoja.

Basi nanyi, mnapopita njia ya kwenda shuleni, msiseme kwamba hapana kitu kwa sababu mmeizoea. Tazameni ukingo wa mto baada ya mvua, mhesabu tabaka zake. Mkiona jiwe la ajabu au mfupa mgumu kama jiwe, msiuchimbue wala msiuchukue nyumbani; wekeni alama, mkamwambie mwalimu. Kitu kilichong'olewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake.

MANENO

Korongo: bonde jembamba lenye kingo za kusimama, lililokatwa na maji.
Gumegume: jiwe gumu linalotoa cheche likigongwa.
Tabaka: safu moja ya udongo juu ya nyingine.
Kuchekecha: kupitisha katika chekeche ili kutenga vikubwa na vidogo.
Heroe: ndege mwenye miguu mirefu na rangi ya waridi, akaaye penye maziwa ya magadi.

MASWALI

1. Kwa nini upande wa Karatu una msitu, na upande wa Oldupai ni mkavu? Chora picha ya mlima, upepo na mvua kuonyesha jibu lako.
2. Eleza kwa mfano wa sufuria jinsi ziwa linavyopata magadi.
3. Hans Reck alifika Oldupai kabla ya Louis. Kwa nini hakuziona zana za mawe?
4. Kwa nini Bwana na Bibi Leakey hawakulichukua fuvu mara lilipoonekana?
5. Fuvu lilionekana mwaka wa 1959, nalo lina umri wa miaka 1,750,000; nyayo za Laetoli zina umri wa miaka 3,600,000. Nyayo zimelitangulia fuvu kwa miaka mingapi?
6. Taja mambo mawili ambayo Louis alikisia mwanzo, na jinsi yalivyosahihishwa.
7. Andika insha fupi: "Kitu nilichokipita mara nyingi kabla ya kukiona."